Sanamu ya Barbara Jordan (1936–1996)
Austin, Texas

Sanamu hii ya shaba, mikono kiunoni, ni kazi ya mchongaji Bruce Wolfe. Ilizinduliwa Aprili 2009, ikawa ya kwanza ya mwanamke mashuhuri katika Chuo Kikuu cha Texas.

Jordan, binti wa mhubiri wa Kibaptisti, alizaliwa Houston. Alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1959, akarudi kwao na kuanza uwakili kwenye meza ya chakula ya wazazi wake. Aligombea Baraza la Wawakilishi la Texas mwaka 1962 na 1964. Mara zote mbili alibwagwa.

Mipaka ya uchaguzi ilipochorwa upya, mwaka 1966 alishinda kiti cha Seneti ya jimbo: Mweusi wa kwanza tangu 1883, na mwanamke Mweusi wa kwanza kabisa. Maseneta wenzake 30 walikuwa wanaume weupe. Humo alipigania kima cha chini cha mshahara kwa vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani, watu ambao wengi wao sheria ya shirikisho iliwaacha nje. Tarehe 10 Juni 1972 alikaimu ugavana kwa siku moja. Ni heshima ya desturi tu, ila hakuna mwanamke Mweusi aliyewahi kuipata kabla yake.

Alikuwa mbunge Washington kuanzia 1973 hadi 1979. Hotuba yake ya 25 Julai 1974, kuhusu kumshtaki Rais Nixon bungeni, ilitazamwa nchi nzima kwenye televisheni. Baadaye alifundisha chuoni hapa hadi alipofariki. Amezikwa Makaburi ya Jimbo la Texas, mjini humu.