Wageni wawili wa Mbale

Mfanyabiashara wa Butembo anayevuka mpaka wa Kasindi kufuata bidhaa Kampala, akiongeza saa chache za basi kuelekea mashariki, atafika Mbale, karibu na Mlima Elgon. Hapa ndipo Semei Kakungulu alipompokea mtu anayekumbukwa kwa jina moja tu: Yosef.

Wote wawili walikuwa wakuja. Kakungulu alitoka Koki, akawa jemadari wa Buganda, akawatekea Waingereza mashariki ya Uganda, kisha akakosana nao walipomnyima ufalme alioutarajia. Mwaka 1919 alijitahiri, akawatahiri na wanawe. Alipoambiwa kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi, alijibu kwamba basi yeye ni Myahudi.

Lakini Uyahudi wake aliuokota katika kurasa za Biblia, na ulikuwa bado umechanganyika na Ukristo: wafuasi wake waliendelea kubatiza. Yosef, Myahudi wa kuzaliwa kutoka ng'ambo, alikuja mwaka 1920, akakaa naye kama miezi sita. Alimfundisha kufuata sikukuu kwa kalenda ya Kiyahudi, kuchinja inavyotakiwa, na kuachana na ubatizo. Jemadari aliyezoea kuamrisha akageuka mwanafunzi, tena msikivu.

Mgeni akaenda zake. Kakungulu akafungua shule, na mwaka 1922 akatoa kitabu cha sheria na sala, kurasa 90 kwa Kiluganda. Alifariki mwaka 1928. Idi Amin aliipiga marufuku dini hiyo katika miaka ya 1970, ila Abayudaya, jamii iliyotokana na wafuasi wa Kakungulu, wangali wanasali kwenye kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji.