Chuo Kikifungwa, Nani Anakifungua?

Wasee, hii historia inatuhusu hata sisi wa Majengo. Mwaka 1939 Mbiyu Koinange, aliyekuwa amesoma Ohio kule Marekani, alianzisha chuo cha walimu Githunguri, Kiambu. Hawakungoja mkoloni, watu walichanga rika kwa rika, akina mama pia. Baadaye Jomo Kenyatta akawa mkuu wake. 1952 hali ya hatari ikatangazwa, chuo kikafungwa, na serikali ikageuza hapo kuwa mahali pa kunyongea watu. Waliosoma hapo wangekifungua vipi, na wenzao wako kizuizini?

Sasa cheki Antioch, chuo cha huko huko Ohio, alikosoma Coretta Scott King. Kilifungwa 2008, pesa zimeisha. Waliosoma hapo wakachanga, wakakinunua 2009, na 2011 kikafunguliwa na wanafunzi 35, bila karo.

Si eti Githunguri hawakupenda chuo chao. Walinyimwa uhuru wa kukutana na kuchanga bila kushikwa. Sisi tunao. Basi ile shule yako ya mtaani yenye paa linalovuja, usingoje ifungwe ndio uitishe mchango.