Shungi na Shoka

Jarida la Punch lilizaliwa London, Julai 1841. Miaka miwili baadaye kulifanyika maonyesho ya michoro ya kutayarishia picha za kuta za Bunge jipya, kwani la zamani lilikuwa limeungua. Michoro ile ndiyo iliyoitwa katuni. Punch likaidhihaki kwa kuchapa "katuni" zake lenyewe, ya kwanza ya John Leech: maskini waliochakaa wakitazama picha za wakubwa. Tangu hapo jina likahamia kwenye kejeli.

Leech alifariki 1864, na ukurasa mkubwa wa katuni ukabaki kwa John Tenniel, mtu mpole aliyepofuka jicho moja ujanani kwa upanga wa mazoezi wa baba yake. Kila Jumatano jioni wakubwa wa jarida walikula pamoja kwenye meza waliyoichonga herufi za majina yao, na baada ya kula wakaamua nani achorwe na avishwe nini. Tenniel alichora juu ya kibao cha mti mgumu, kikapelekwa kwa Joseph Swain kuchongwa. Mti wenyewe haunenepi, kwa hiyo kibao kilikuwa vipande vilivyokazwa pamoja. Vikifunguliwa, mafundi waligawana, mmoja uso, mwingine miguu. Ukisogeza macho utaona uzi mweupe ukikata picha pale vipande vilipokutana.

Waliovishwa zaidi ni Benjamin Disraeli wa Wahafidhina na William Gladstone wa Waliberali. Kuanzia 1868 hadi 1880 walipokezana Uwaziri Mkuu kama watu wanaogombea kiti kimoja cha baraza. Disraeli alitambulika kwa shungi la nywele kipajini. Gladstone, aliyejiburudisha kwa kukata miti shambani kwake Hawarden, kwa shoka.

Aprili 1876 Disraeli alichorwa kama yule mchuuzi wa taa wa hadithi ya Aladini, akimpa Malkia Victoria taji jipya la Uhindi ili achukue la zamani. Wasomaji wa Alfu Lela Ulela wanajua yaliyomfika aliyekubali kubadilishana taa. Lakini joho la Mashariki alilovishwa lilikuwa na mwiba: Disraeli alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, na Punch halikuchoka kumkumbusha. Mzaha huo umechacha.

Mimi naipenda zaidi katuni ile ya Mei 1870. Haina taji wala shoka. Disraeli ametoka kuchapisha riwaya, Gladstone ana kitabu chake kuhusu Wagiriki wa kale. Kila mmoja ameshika kitabu cha mwenzake na kukibeulia mdomo: huyu anaona upuuzi, yule anaona maneno mengi.

Disraeli alifariki Aprili 1881. Ukurasani Gladstone akabaki bila mwenzake, na mchoraji Harry Furniss akamrefushia ukosi wa shati hadi ukafika masikioni. Mwaka 1893, Gladstone akiwa Waziri Mkuu kwa mara ya nne, Tenniel alipewa cheo cha Sir. Akaendelea kumchora mpaka mzee alipostaafu, Machi 1894.