Shehena ya ombweni na shehena tegemezi

Chombo cha anga kinachobeba watu huweza kubeba mizigo katika sehemu mbili. Ya kwanza ni chumba wanamokaa wanaanga, chenye hewa ya kupumua. Ya pili imeshikamana na chombo na huruka nacho, ila haina hewa. Jina la Kiingereza la mzigo wa sehemu hii ya pili lina maana ya kitu kisicho na shinikizo, na mfasiri mwenye haraka ataandika hivyo hivyo: mzigo usio na shinikizo.

Haifai. Shinikizo, kwa msomaji wa magazeti, ni lile la wafadhili kwa serikali au la wabunge kwa waziri. Hata tukitumia kanieneo, neno la fizikia, kasoro inabaki, kwa sababu kilichokosa hewa ni mahali, si mzigo. “Shehena ya nje” nayo imeshachukuliwa na bandari: Mombasa na Dar es Salaam hiyo ni bidhaa iliyotoka ng'ambo.

Napendekeza shehena ya ombweni. Ombwe ni nafasi tupu isiyo na hewa, na kiambishi -ni kinasema wazi kwamba tunazungumzia mahali. Mwenzake ni shehena ya chumbani. Atakuwepo wa kupinga kwamba roketi ikiwa bado uwanjani, sehemu hiyo ina hewa kama tunayovuta sisi. Ni kweli, lakini hewa hiyo huvuja yote katika dakika chache za kupaa, na safari iliyobaki ni ombwe tupu.

Mahali ndipo panapoamua kila kitu, na safari ya Apollo 15 inaonyesha hivyo kuliko nyingine yoyote ninayoijua. Ubavuni mwa sehemu ya huduma ya chombo hicho, wahandisi walipanga kamera na vipima-miale vya kuuchunguza Mwezi kutoka juu. Mwishoni mwa Julai 1971 David Scott na James Irwin walishuka kutembea Mwezini, na Alfred Worden akabaki peke yake kwenye obiti akiviendesha vifaa hivyo. Vipima-miale vilituma takwimu zake kwa redio. Kamera hazikuweza: picha zilikuwa kwenye filamu, filamu ilikuwa ombweni, na sehemu ya huduma ilikuwa itupwe kabla ya kapsuli kuingia kwenye angahewa, iteketee.

Basi mtu ilibidi atoke. Tarehe 5 Agosti, wakiwa njiani kurudi, zaidi ya kilomita 300,000 kutoka Duniani, wote watatu walivaa suti, hewa ya chumba ikaachiliwa, mlango ukafunguliwa. Worden alijivuta kwa vishikio hadi kwenye kamera, huku Irwin akimwangalia kutoka mlangoni. Mara ya kwanza alirudi na kaseti ya kamera ya panorama, mara ya pili na ya kamera ya ramani, mara ya tatu akaenda kukagua vifaa. Kazi yote haikufika dakika 40. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kutoka nje ya chombo kikiwa angani mbali na Dunia na Mwezi, na alichofuata ni shehena ya ombweni ili iwe ya chumbani.

Istilahi ya pili ni ya vifaa vya sayansi vinavyosafiri katika safari isiyo yao. “Mzigo wa pili” huleta picha ya foleni, na “mzigo wa ziada” huleta picha ya uzito uliozidi kipimo. Sarufi yetu inatupa neno bora: kama kilivyo kishazi tegemezi, hii ni shehena tegemezi. Apollo 16 ilibeba setilaiti ndogo ya kupima sumaku na mvutano wa Mwezi. Injini kuu ya chombo ikaleta wasiwasi, na kwa usalama wa wanaanga hatua ya kurekebisha obiti ikafutwa. Setilaiti iliachiwa tarehe 24 Aprili 1972 katika obiti isiyoifaa, ikagonga Mwezi tarehe 29 Mei. Yenyewe haikuwa na kosa.

Tukirudi kwenye sehemu ya ombweni, katika chombo cha Dragon cha SpaceX ni mcheduara ulio nyuma ya kapsuli. Neno buti linautosha kabisa. Julai 2016 buti la Dragon ya mizigo lilipeleka kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga pete ya kuegeshea vyombo vya watu, pana mno kupita mlangoni, na mkono wa roboti uliotengenezwa Kanada ukaitoa. Buti halirudi na kapsuli. Hutupwa likaungue, ingawa mwaka 2022 vipande vya buti la Dragon ya safari ya Crew-1 viliokotwa mashambani New South Wales, Australia.

Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10, ilipaa Aprili 2018 kwa Dragon ya mizigo pia, lakini ndani ya kapsuli. Tarehe 11 Mei ilitolewa kupitia maabara ya Wajapani ya Kibo na kuachiwa kwenye obiti. Ilikuwa shehena tegemezi, na ilikuwa ya chumbani, japo kazi yake yote ilikuwa nje: istilahi ya chumbani na ya ombweni hutazama mzigo ulikaa wapi safarini, si unakwenda kufanya kazi wapi.