Mlango wa Chuo Kikuu na Mfuko wa Baba

Wasikilizaji wetu, mtu atokaye soko la Kariakoo kwenda Mnazi Mmoja huukuta mtaa wa Lumumba. Hapo, katika jengo la chama cha TANU, chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilifungua mlango tarehe 25 Oktoba 1961. Wanafunzi wake hawakuzidi 15, wote wa sheria. Leo twataka kuuliza: mtoto wa mchuuzi wa soko lile aliweza kuingia humo?

Kabla ya mwaka huo, kijana aliyetaka elimu hiyo alikwenda Makerere, nchi ya Uganda, au ng'ambo. Nao waliofika huko walikuwa wachache mno. Baada ya uhuru serikali ilijitwika gharama za masomo. Chuo kikahamia Mlimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa. Aliyefaulu na kuchaguliwa hakuulizwa mali ya baba yake.

Hata hivyo tusidanganyike. Mlango wa juu ulikuwa wazi, lakini njia ya kuufikia ilikuwa nyembamba. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, na umaskini ulikwisha kuwachuja watoto tangu chini. Sisi walimu twamjua mtoto asinziaye darasani kwa kuwa aliamka alfajiri kumsaidia mama kupanga nyanya. Akili anayo, saa za kusoma hana.

Katika miaka ya 1990 serikali ilianza kugawana gharama za chuo na wazazi, na mfuko wa baba ukawa na neno tena. Ndipo mwaka 2004 ikatungwa sheria ya Bodi ya Mikopo, nayo bodi ikaanza kazi mwaka 2005. Mkopo huo hutazama uhitaji wa mwombaji, naye hana budi kuurudisha. Tena mwaka 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali hata kidato cha nne.

Hayo ni mema, lakini mkopo humfaa yule aliyekwisha kufika mlangoni. Aliyeachishwa shule ili alinde meza ya biashara hana barua ya kuombea. Basi, mzazi, usingoje siku ya chuo kikuu ndipo uhesabu fedha. Leo usiku mpe mwanao taa, daftari na saa moja ya utulivu. Maana hapo ndipo wengi hukatiwa njia, wala hakuna bodi iwezayo kuwarudishia.