Chapa ya Aibu na Chapa ya Kristo

Waingereza wana neno stigmatize, ambalo sisi tuliofundishwa kwa Kifaransa tunalijua kwa sura ya stigmatiser: kumtia mtu alama ya aibu mbele ya wengine, hata wamkwepe. Kiswahili husema kumnyanyapaa mtu. Lakini neno la Kizungu limebeba historia ambayo letu halina, nayo inamgusa Mkristo moja kwa moja.

Shina lake ni la Kigiriki. Stigma ilikuwa alama iliyochanjwa ngozini kwa sindano na wino. Wagiriki, na baadaye Warumi, waliwachanja hivyo wahalifu na watumwa waliotoroka, mara nyingi kwenye paji la uso, mahali pasipofichwa na nguo. Aibu ilikuwa maandishi hasa. Kila apitaye aliisoma. Mwanzoni mwa karne ya 4 Kaisari Konstantino alikataza waliohukumiwa kwenda migodini wasitiwe alama usoni, kwa kuwa uso umeumbwa kwa mfano wa uzuri wa mbinguni. Mikono na miguu hakuikataza. Huruma yake, tukiruhusiwa kusema hivyo, iliishia shingoni.

Sasa tufungue Wagalatia 6:17. Mtume Paulo anasema kwamba anazo mwilini mwake stigmata za Yesu. Biblia zetu huandika chapa, au alama, na msomaji hupita upesi. Wasikilizaji wa kwanza hawakuweza kupita upesi, maana walizijua alama hizo katika nyuso za watumwa. Paulo alikuwa amepigwa fimbo na mawe; makovu yale anayatangaza kuwa alama za mtumwa, ila bwana wake ni mwingine. Kanisa la Kilatini lilitunza neno lake, hata madonda aliyopokea Mtakatifu Fransisko wa Asizi juu ya mlima La Verna mwaka 1224 yakaitwa vivyo hivyo.

Kwetu sindano haihitajiwi, ulimi unatosha. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, waliotoka vituo vya matibabu wakiwa wamepona waliogopwa, wengine wakakataliwa na jamaa zao, ijapokuwa cheti walichopewa kilishuhudia kwamba hawana ugonjwa tena. Baadhi yao, huko Beni na Butembo, walirudi kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kwa sababu mwili uliokwisha kupona uliweza kuwabeba watoto hao bila hofu.