Chungu cha Watumwa: Historia ya Kisiwa cha Réunion kwa Njia ya Chakula na Kinywaji

Methali inasema: mwacha mila ni mtumwa. Wengi wetu tunaitumia kwa kuwaonya vijana. Lakini kuna kisiwa kimoja cha Bahari ya Hindi kinachotuonyesha upande wa pili wa neno hilo. Pale, watu waliofanywa watumwa kwa nguvu ndio waliochunga mila zao, na walizichunga ndani ya chungu. Kisiwa hicho ni Réunion.

Réunion iko mashariki ya Madagaska, kiasi cha kilometa 700. Ni mlima wa moto uliopanda toka chini ya bahari. Kilele chake kirefu, Piton des Neiges, kinapita mita 3000 na kilikwisha kuzimika. Lakini Piton de la Fournaise ungali unatapika moto mara kwa mara. Mwaka 1977 lava ilishuka mpaka kijiji cha Piton-Sainte-Rose, ikazunguka kanisa na kusimama mlangoni. Sisi wa Kivu, tulioona Nyiragongo ikishuka mwaka 2002 na tena mwaka 2021, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Tunajua pia kwamba moto ule ule unaoleta msiba, kisha miaka mingi huacha udongo wenye rutuba.

Tukumbuke kwanza kwamba kisiwa hiki hakikuwa na wenyeji. Wafaransa walikitwaa katika karne ya 17, wakakiita Bourbon. Wakaaji wa kudumu walianza kufika mwaka 1663: Wafaransa wawili pamoja na Wamalagasi kumi. Kwa hiyo, karibu kila kinachopikwa pale kililetwa na mtu, na tukiuliza ni nani, tunapata historia.

Mwaka 1715 meli ilileta miche ya kahawa kutoka Yemen. Kahawa inadai mikono mingi, na mikono hiyo ilitafutwa Madagaska na Afrika ya mashariki. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, alipatana na sultani wa Kilwa auziwe watu 1000 kila mwaka. Mpaka leo, wajukuu wa Waafrika hao wanaitwa pale « Kaf », jina lenye asili moja na neno letu kafiri. Juu ya kuwalisha watumwa kwa bei ndogo, gavana Mahé de La Bourdonnais, aliyefika mwaka 1735, alieneza muhogo.

Wengine walikimbia. Walipanda mpaka kwenye mabonde makubwa yaliyozungukwa na kuta za mawe: Mafate, Salazie, Cilaos. Huko waliishi kwa asali, mioyo ya minazi ya porini na nyama za kuwinda. Jina Cilaos linaelezwa kwa Kimalagasi kuwa mahali pasipoachwa. Leo bonde hilo linasifiwa kwa dengu zake.

Utumwa ulifutwa tarehe 20 Desemba 1848, na watu zaidi ya 60 000 wakawa huru. Matajiri wa miwa wakazidi kuleta wafanyakazi wa mkataba kutoka India. Hao wakaja na manjano na viungo vyao. Ndiyo maana sahani ya Réunion ni wali, maharagi au dengu, kari ya samaki au nyama, na pembeni rougail, yaani kachumbari ya pilipili. Tena hayakosi majani ya kupika, kama vile ya shushu na lengalenga. Mama wa Bukavu akikaribishwa pale, hatashangaa sana.

Kwa kinywaji, miwa ilichukua nafasi ya kahawa kisha dhoruba za mwaka 1806 na 1807, na kutoka miwa ikaja rumu. Kila nyumba inalowesha ndani yake matunda, maganda ya miti na vanila.

Hiyo vanila ina jambo lake. Ua lake, likiwa mbali na kwao Meksiko, halikuzaa. Mwaka 1841 mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, alivumbua namna ya kulioanisha kwa kijiti na kidole. Njia yake ilitajirisha kisiwa, ikafika Madagaska, na inatumiwa hata leo. Yeye mwenyewe alikufa maskini mwaka 1880.

Tusidhani mambo haya ni ya mbali. Kati ya arabika inayochumwa kwenye vilima vya Kivu, kuna aina inayoitwa Bourbon. Kumbe ni kahawa ya kisiwa kile! Mapadre wa Roho Mtakatifu waliotoka Réunion ndio walioipeleka Bagamoyo katika karne ya 19. Mbegu ilichukua jina la ukoo wa wafalme. Wale walioilima kwa kiboko hawakutajwa katika jina hilo. Walichotuachia ni kari, majani na pilipili.

Sisi walimu tunafundisha tarehe za wafalme na za vita. Tungefanya vema kuwatuma wanafunzi wakaulize bibi zao: muhogo ulifika lini kilimani petu? Maharagi yaliletwa na nani? Sombe tunayoiita chakula cha mababu imetoka kwenye mmea wa Amerika. Bibi wanaokumbuka wanapungua kila mwaka, na majibu yao bado hayajaandikwa.